Mikono ya Bibi na Vijiti vya Mama Nafuu

Neno moja tu lilitosha kumshusha Mama Nafuu kwenye basi kabla ya kituo chake: punguzo. Jina lenyewe alipachikwa na mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, siku aliporudi nyumbani na pea tatu za viatu, vyote vya mguu wa kushoto, eti bei yake ilikuwa kama ya kuokota. Jengo zima likalidaka. Mwenyewe alinuna wiki moja, kisha akaanza kuitika.

Sasa kiangazi hicho, acheni tu. Kwenye dobi la hospitali wenzake wawili walikuwa likizo, kwa hiyo mashuka ya wodi tano yalimwangukia yeye: kufua, kukausha, kupiga pasi, kukunja, kupanga kwenye toroli. Nyumbani shule zilikuwa zimefungwa, na mapacha wake wa kike walianza kugombana tangu wanapofumbua macho. Na juu ya yote hayo, lilikuwapo suala la mama yake.

Mama yake, ambaye kila mtu pale alimwita Bibi, alifanya kazi miaka thelathini kwenye vitalu vya miche vya watu. Macho yalikuwa yamemtupa mkono, sasa aliona vivuli tu. Kaka mkubwa wa Mama Nafuu, karani wa bima, mtu wa kunyoosha hata kamba za viatu, alikuwa amekwisha kata shauri. "Mama atakuja kukaa kwangu," alisema mwanzoni mwa msimu. "Kwangu kuna mtu wa kumpikia na mtu wa kumshika mkono. Hapa kwako anapapasa mpaka jiko la moto."

Bibi akamjibu mwenyewe. "Macho ndiyo yamestaafu, mwanangu. Mikono bado iko kazini."

Kaka hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alimpenda mama yake kwa namna yake, namna ya kumweka mtu mahali salama na kufunga mlango. Wakakubaliana wangoje kiangazi kiishe. Bibi akionekana anajiweza na ana la kufanya, atabaki. Akionekana hoi, gari litakuja kumchukua. Na Bibi hakutaka kwenda, hilo alilisema kila asubuhi kabla hata ya kuuliza chai iko wapi.

Wiki ile ile Mama Nafuu akapita kwenye kitalu kimoja akitoka kazini. Kwenye kona aliona trei tano za miche iliyolegea, lebo zake zimefutwa na jua hata herufi moja haisomeki. Muuzaji alikuwa mgeni wa kazi na hakujua ni miche ya nini. "Chukua zote, nipate nafasi," akasema, na akamtajia bei iliyomfanya Mama Nafuu ageuke nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine anayeambiwa.

"Umenunua majani," mume wake akasema alipomwona mlangoni.

"Nimenunua bustani."

"Bustani ya nini?"

"Mama atajua."

Na kweli alijua! Jumamosi asubuhi walilaza ubao mrefu juu ya ndoo mbili uwanjani nyuma ya jengo, wakazipanga trei tano juu yake, Bibi akavutiwa kiti. Akasugua jani kati ya kidole gumba na cha shahada, akalinusa, akapapasa shina taratibu. "Hii pilipili kali," akasema. Akasogea. "Hii hoho. Hii nyanya, hata mniamshe usingizini nitawaambia nyanya. Bamia. Na huyu wa mwisho mwenye manyoya, bilinganya." Dakika mbili hazikufika. Mapacha wakapiga makofi, na Mama Nafuu akahisi kichwa kinamvimba kwa majivuno, utadhani yeye ndiye aliyetaja.

Akachukua kalamu ya kazini, ile ya wino usiotoka hata ukichemsha shuka, akaandika majina kwenye vijiti vya aiskrimu. Kabla hajavichomeka simu ikalia. Mashine ya kukaushia imegoma, aje upesi. Na jua nalo lilikuwa limeanza kuunguza miche. Yeye na mume wake wakaubeba ubao juu juu, wakaugeuza na kuuweka kivulini ng'ambo ya uwanja. Mama Nafuu akachomeka vijiti vyake haraka haraka, cha kwanza, cha pili, mpaka cha tano, huyo akatimua mbio.

Basi kazi ikaanza, na ilikuwa kazi kwelikweli. Uwanja ule ulikuwa jaa la vifusi. Walitoa matofali yaliyovunjika, chupa, na nusu ya baiskeli ambayo hakuna aliyekubali kuwa ni yake. Mume akachomelea vitanda vikuukuu viwili kuwa kingo za matuta. Mama Nafuu akaja na beseni zilizopasuka, vyandarua vya kutupwa vya kukinga jua, na udongo mweusi alioupata bure kwenye jengo la jirani kwa maneno matamu tu. Kila trei ikahamishiwa kwenye tuta lake, kijiti chake mbele, na miche iliyozidi waliwagawia majirani, kila mmoja na kijiti chake. Bibi alikuwa ndiye amiri jeshi. Anakaa kwenye kiti na kuamrisha, na sauti yake ilifika barabarani: we pacha, maji yaende chini, si usoni mwa mwenzako! Kaka alipopiga simu kumjulia hali aliambiwa apige baadaye, mama yuko kazini.

Halafu ikaja wiki ya nne. Bibi alikuwa akipapasa tuta la kwanza, uso umekunjuka. "Bilinganya linakwenda vizuri," akasema.

Mama Nafuu alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo, nyayo zinamwaka moto. Na mjue kitu kimoja: Bibi hakutaka kabisa binti yake ashike jembe la mtu, kwa hiyo huyu mboga alizijua zikiwa sokoni, zimekwisha zaliwa. Akatazama kijiti. "Hiyo pilipili kali, Mama."

"Haiwezi kuwa."

"Kijiti kinasema. Na wewe mwenyewe ndiye uliyesema."

Bibi akaligusa jani tena. Akasogea tuta la pili, ambako mkono wake ulimwambia bamia. "Na hili?"

"Hoho," akajibiwa.

Bibi alijifuta mikono kwenye gauni, akaomba aongozwe ndani. Kesho yake alisema jua kali, keshokutwa akasema mgongo, na baada ya hapo hakusema chochote. Alikaa kitandani mikono mapajani. Mapacha waligombania mpira wa maji mbele ya dirisha lake na yeye hakuwakaripia. Mama Nafuu aliingiwa na hofu ya kweli. Alimpikia uji, alimsimulia mambo ya kazini, alimletea hata redio ya punguzo iliyoshika stesheni moja tu. Wapi. Kilichokuwa kinamla mama yake hakukijua.

Wiki ya tisa ndiyo ikamaliza kila kitu. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili, mwanamke wa kucheka mpaka mitaa miwili isikie, alishuka na bilinganya mkononi. "Bibi!" akaita dirishani. "Pilipili zako ulizonipa zimenenepa, tena zimevaa joho la zambarau!" Majirani wakavunjika mbavu. Bibi naye akacheka. Kisha akafunga dirisha, akaomba simu, akampigia mwanawe. "Njoo Jumamosi, baba. Siku ile bilinganya niliiita pilipili. Mikono nayo imekwisha."

Mama Nafuu alilia chooni kazini, akanawa, akarudi kwenye pasi. Ilikuwa Jumamosi yenyewe, na ruhusa alinyimwa. Alikuwa akikunja shuka huku akijiambia kwamba saa hii sanduku la mama linafungwa, mara msimamizi wa dobi akaingia anafoka.

"Nani amepanga toroli? Wodi ya kwanza wamepata mashuka ya wodi ya tano! Ya tano wamepata ya kwanza! Wodi ya watoto wamepelekewa ya wazee! Wodi ya tatu tu ndiyo iko sawa!"

"Nilipanga vizuri," Mama Nafuu akasema. "Kwa mstari, kama kila siku."

"Basi msukuma toroli ameliingiza kwenye lifti kinyume, na amegawa bila kusoma! La nyuma limekuwa la mbele!"

Mama Nafuu akasimama na shuka mkononi. "Ya tatu tu ndiyo iko sawa?"

"Nimekwambia ya tatu tu!"

"Nyanya," akasema.

"Nini?"

"Nyanya ilikuwa ya katikati. Mungu wangu, ubao!" Shuka likaanguka. Msimamizi alipofungua kinywa kuuliza ubao gani, Mama Nafuu alikuwa amekwisha fika getini, aproni kiunoni na kofia ya kazi kichwani, anakimbia.

Alikuta gari limewashwa. Sanduku limo ndani. Bibi amesimama mlangoni na mtandio wake wa safari, majirani wanamuaga, mume ameshika tama, mapacha wanalia.

"Ni mimi!" Mama Nafuu akapiga kelele kutoka mbali, hana pumzi. "Mama, hukukosea! Ni mimi! Tuligeuza ubao, nikachomeka vijiti kinyume, cha kwanza kikaenda kwa wa mwisho! Hukukosea hata mche mmoja!"

Kaka akamshika bega kwa upole. "Dada, usimfariji mama kwa uongo."

"Uongo? Uliza nyanya! Kwa nini nyanya peke yake imezaa nyanya?"

Bibi akanyoosha mkono. "Nipelekeni bustanini."

Watu wote wakamfuata. Hakushika tunda, alishika majani tu. "Bilinganya," akasema kwenye tuta la kwanza. "Ndiyo, Bibi," akaitika fundi cherehani, safari hii bila kucheka. "Bamia." Ndiyo. "Nyanya." Ndiyo, Bibi. "Hoho, na mmeinywesha maji mengi mno." Ndiyo. Kwenye tuta la tano akalisugua jani, akalinusa. "Pilipili kali," akasema.

Kisha akamgeukia binti yake.

"Wewe!" Sauti ikapanda mpaka ghorofa ya juu. "Nimekaa kitandani najiona maiti, kumbe ni wewe na vijiti vyako! Nakwambia bilinganya, unanijibu kijiti! Mimi niliyekuzaa na kijiti, nani anajua? Una haraka gani wewe, unafukuzwa na nani? Na hili tuta nani amelilima hivi, umelima kwa kijiko?"

Kaka alikwenda garini mwenyewe, bila kuambiwa, akazima injini na kulitoa sanduku. Alirudi akasimama karibu na dada yake, aliyeinamisha kichwa mbele ya jengo zima, kofia imemwendea upande, anapokea maneno kama mvua. Akamwinamia sikioni. "Atanyamaza saa ngapi huyu?"

Mama Nafuu alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka. Hakuwahi kujivunia kitu maishani mwake kama alivyojivunia kufokewa siku ile.

"Mwache, kaka," akasema. "Wiki tano nzima hajasema neno. Mwache aseme."