Jagi la Lita Mbili

Mama mkwe wangu aliniita "mwanangu" kwa mara ya kwanza nikiwa chini ya gari, oili ikinitiririka hadi kwenye kiwiko. Nilifurahi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma mpaka leo: mama wa watu alikuwa anakufa taratibu mbele yangu, na mimi nilikuwa nafurahi.

Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo sisi vinyozi tunafunga. Mke wangu, mwalimu kama mama yake, alikuwa shuleni na watoto wetu wawili. Nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, mgonjwa wa kisukari, aliyekuwa ameishi nasi miezi saba. Katika miezi hiyo, na miaka tisa ya ndoa iliyotangulia, mazungumzo yetu yalikuwa "shikamoo mama" na "marahaba". Akinihitaji alimwambia binti yake, "Mwambie mumeo," hata nikiwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake. Sikumlaumu. Alimsomesha binti yake kwa taabu, kisha binti akaenda kuolewa na mtu wa mashine ya kunyolea.

Gari letu ni la otomatiki, la zamani, nami nilikuwa nimeamua kulibadilishia oili ya gia boksi na maji ya rejeta, yale yanayopoza injini, kwa mikono yangu. Sikuwa mgeni kabisa wa kazi hiyo. Jirani yetu, dereva wa malori mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Gia Tatu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizidisha hapo, alinifundisha kanuni moja akanikaririsha: kinachotoka ukipime, kinachoingia kilingane nacho.

"Oili ya gia ikipungua, gari halikusamehi," aliniambia. "Ikizidi, vilevile. Hii si chai, useme utaongeza sukari baadaye."

Basi nilipima. Nilipandisha gari kwenye stendi nne, nikafungua nati ya chini ya gia boksi, oili ikashuka ndani ya beseni, nyekundu iliyochakaa kuwa kahawia. Nikaihesabu chupa kwa chupa. Kisha nikafungua bomba dogo la chini ya rejeta, injini ikiwa baridi, maji ya zamani yakatoka na kutu yake. Yale maji machafu niliyafungia stoo kwa kufuli, maana Gia Tatu alinionya kwamba ni sumu. Yale mapya, ambayo ni sumu ileile, niliyapeleka jikoni.

Niseme ilivyokuwa, nisijipunguzie. Dawa mpya ya rejeta ilikuwa nzito, inatakiwa kuchanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Chombo pekee chenye alama za lita ndani ya nyumba kilikuwa jagi la mke wangu la juisi. Nikamimina lita moja ya dawa, lita moja ya maji, mpaka mstari wa mbili. Ikatoka rangi ya waridi, inang'aa. Nikaliweka jagi juu ya meza ya jikoni, kivulini, nikalifunika kwa sahani ndogo vumbi lisiingie. Nilijiona fundi msafi kuliko mafundi wote wa gereji. Kisha nikarudi chini ya gari kusafisha nati ya gia boksi na kuifunga.

Niko hapo chini nikaona miguu ya mama mkwe, na ndala zake zilizonyooka kama wanafunzi mstarini. Akavuta kigoda akakaa karibu na tairi.

"Mwanangu, huchoki huko chini?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikasema, "Sichoki, mama."

Akacheka. Miezi saba sikuwa nimemsikia akicheka. Akaanza kunisimulia habari za mkaguzi mmoja aliyefika shuleni kwake na suti nyeupe, akaenda moja kwa moja kukalia benchi lililopakwa rangi asubuhi ile. Nilicheka mpaka spana ikanidondokea kifuani. Akaisimulia tena, tangu mwanzo, nami nikacheka tena kwa adabu. Akasema mikono yangu ni ya kazi, na kwamba hajawahi kuniambia hivyo kwa sababu ya kiburi tu. Ulimi wake ulikuwa mzito kidogo. Nikadhani ni uzito wa maneno yenyewe.

Aliposimama aliyumba, akashika kioo cha pembeni cha gari, akasema jua kali, anakwenda kujilaza. Mimi nilibaki pale chali natabasamu peke yangu kama mjinga.

Nilipomaliza kufunga nati nikaenda jikoni kuchukua jagi. Sahani ilikuwa mahali pake. Lakini waridi ile ilikuwa chini ya mstari, chini sana, kwenye lita moja na nusu.

Kwanza nikadhani jagi linavuja. Nikalinyanyua, nikapapasa chini yake, pakavu. Nikapangusa meza kwa kiganja, pakavu. Karibu na sinki kulikuwa na glasi moja iliyooshwa na kugeuzwa, bado ina unyevunyevu. Mimi sikuwa nimekunywa chochote tangu asubuhi. Ndani ya nyumba tulikuwa wawili.

Kicheko chake, ulimi mzito, kuyumba, hadithi ileile mara mbili, "mwanangu": vyote vikajipanga mbele yangu. Mama wa watu alikuwa amelewa sumu yangu, na ni sumu iliyoniita mwanangu.

Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anatabasamu ukutani.

"Mama, samahani. Kuna kitu umekunywa jikoni?"

"Mimi sijagusa juisi yenu."

Sikuwa nimetaja juisi. Nilijua, naye nadhani alijua, maana alinitupia jicho la mwalimu aliyekosea hesabu ubaoni. Ndani ya nyumba ile mke wangu alifungia sukari kabatini. Mama alihesabiwa hata vipande vya tunda. Kukiri kwamba ameiba glasi ya juisi, tena mbele ya mkwe, hilo kwake lilikuwa zito kuliko maradhi.

"Mama, ile si juisi. Ni maji ya gari, ya kupoza injini. Ni sumu."

Akacheka tena, cheko la chini, lenye huruma kwangu.

"Sumu," alisema. "Na kopo la asali nalo? Lile mliloliandika SUMU YA PANYA kwa kalamu nyekundu? Nilionja. Asali nzuri kabisa. Na mwandiko ulikuwa wako."

Ulikuwa wangu. Mke wangu ndiye aliyetoa wazo, mimi ndiye niliyeandika, na usiku ule tulicheka chumbani tukijiona wajanja. Sasa neno sumu nilikuwa nimeshalitumia kwenye asali, halikubaki na nguvu yoyote kinywani mwangu.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," akasema, na lile "mwanangu" safari hii sikulitaka.

Nikampigia mke wangu. Simu imezimwa, yuko darasani. Nikajaribu tena, na tena, kisha nikamwachia ujumbe. Nikamwambia mama kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Akaitikia kwa kichwa kwamba methali ni sahihi, akajilaza na kuniomba nifunge mlango. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Singeweza kumbeba kwa nguvu mama mkwe anayepiga mateke hadi barabarani, na kila dakika niliyobembeleza ilikuwa dakika ile sumu inazidi kuingia damuni mwake.

Nikakimbia uani, nikarudi na chupa ya dawa ya rejeta, nikapiga magoti.

"Mama, hii sikuandika mimi. Imechapwa kiwandani. Usiniamini mimi, soma mwenyewe."

Kisha akanyoosha mkono kutafuta miwani, akaikosa mara mbili, nikampa. Akaisogeza chupa karibu, akaipeleka mbali. Akasoma kwa sauti, silabi moja moja, yeye aliyefundisha mamia ya watoto kusoma: "Ha-ta-ri. I-ki-me-zwa..." Hakuendelea. Akaigeuza chupa kwenye mwanga wa dirisha, akaiona rangi yake.

"Glasi mbili," alisema. "Ya kwanza nilitaka kuonja tu. Ya pili..." Akafunika uso kwa viganja. "Ilikuwa tamu."

Nilimpa mgongo, nikamwambia panda mama, naye akapanda. Gari langu lilikuwa juu ya stendi, halina oili, halina maji, kopo tu la bati. Nilimbeba mpaka kwa Gia Tatu. Alikuwa anafagia kibaraza. Aliponiona nimembeba mkwe hakuuliza, alitupa fagio akaenda kuwasha pikapu yake. Njiani aliweka gia ya nne, kisha ya tano, midomo yake ikitetemeka. Mama alikuwa kati yetu, kichwa begani mwangu, anamsimulia Gia Tatu habari za mkaguzi na benchi.

Daktari wa kituo cha afya alikuwa mwanamke kijana mwenye maneno machache. Alichukua chupa mkononi mwangu, akaisoma yote, akauliza glasi ngapi na saa ngapi. Nikajibu.

"Sasa hivi amelewa tu," alisema. "Ubaya wenyewe bado. Ini lake likiivunja hii ndipo inageuka kitu kinachoua figo na moyo. Dawa yake hasa hatuna, iko hospitali kuu. Nimeomba gari lao lije, lakini ni mwendo wa saa nyingi."

"Na mpaka hapo?"

"Pombe kali. Ini likipata pombe linashughulika nayo kwanza, na hii nyingine inapata nafasi ya kutoka kwenye mkojo. Kipimo kila saa, asikose hata kimoja."

Gia Tatu alitumwa dukani, akarudi na chupa yenye muhuri ameificha ndani ya shati. Wakamtundikia mama dripu, na dripu yenyewe ilikuwa ya sukari, maana pombe ingemshusha sukari mpaka azimie. Mke wangu, ambaye ujumbe wangu ulikuwa umemfikia, aliingia wakati huo, mikono ina vumbi la chaki, akaiona ile dripu, akasoma karatasi yake, akacheka na kulia kwa pamoja.

Tatizo lilikuwa mama mwenyewe. Tangu azaliwe alikuwa hajatia pombe mdomoni. Shuleni aliwahi kumfukuza mwalimu wake bora kwa harufu ya pombe tu. Mke wangu aliyajua hayo kuliko mimi, ndiyo maana alichukua kikombe, akakaa kitandani, akasema kwa ile sauti tuliyokuwa tukiitumia nyumbani, "Mama, kunywa hii. Ni dawa ya kifua."

Mama akaisogelea. Pua yake ikafanya kazi yake. Akafumba mdomo, macho yakampita binti yake yakanijia mimi.

"Wewe," alisema. "Hii ni nini?"

Mke wangu akanishika mkono, kucha zikanizama. Daktari alikuwa anatazama saa ukutani. Niliogopa. Nikisema ukweli, akikataa, atakufa na mdomo wake safi, na mimi nitakuwa nimemuua mara mbili kwa siku moja. Nikisema uongo, ataunusa kama alivyounusa wa binti yake.

"Ni pombe, mama," nilisema. "Pombe kali ya dukani. Daktari anasema inaweza kuzuia ile sumu isikuue. Inaweza. Hana hakika, na mimi sina."

Mke wangu aliniachia mkono. Mama akanitazama mpaka nikatamani kuinamisha kichwa, lakini sikuinamisha. Kisha akashika kikombe, na mkono wangu pamoja nacho, akanywa mpaka mwisho. Uso ulimkunjamana.

"Mbaya," alisema. "Afadhali ile nyingine." Akavuta pumzi. "Usitoke hapa. Kila wakileta, uniambie wewe."

Sikutoka. Kila saa muuguzi alileta kikombe, nami nilisema, "Mama, ni pombe," naye alikunywa. Saa ya kwanza na ya pili alinung'unika. Saa ya tatu aliita jina la marehemu mumewe. Saa ya nne hakusema neno, alimeza tu, na ngozi ya mkono wake ilikuwa baridi mkononi mwangu. Muuguzi alipima mfuko wa mkojo, akasema unatoka kidogo, lakini ni mapema mno kusema lolote. Gari la hospitali kuu lilikuwa bado njiani.

Saa ya tano muuguzi akaja na kikombe, akamwinua kichwa, akamwita. Mama hakuitikia. Akamgusa shavu, hakuitikia. Pumzi zake zilikuwa za haraka na fupi.

"Kama haitikii hatuwezi kumpa," muuguzi alisema polepole. "Atapaliwa."

Mke wangu alianza kumwita kwa sauti, mama, mama, mpaka daktari akamshika mabega. Nikainama mpaka mdomo wangu ukafika sikioni mwa mama mkwe, karibu kuliko heshima inavyoruhusu.

"Mama," nilisema, "ni pombe."

Macho hayakufunguka. Nilihesabu pumzi moja, mbili, tatu. Kisha akafungua mdomo.