Kidonge cha Zamu

Mume wangu ni fundi wa injini za malori, na hajui kula kitu peke yake. Ukimpa chungwa, analigawa kabla halijamenywa. Tabia hiyo ndiyo iliyonifanya nimpende, na ndiyo iliyokaribia kunifanya mjane.

Daktari alituambia mafuta kwenye damu yake yamezidi, na moshi wa dizeli anaovuta gerejini umeanza kuharibu mishipa inayolisha moyo. Akampa vidonge vya kupunguza kolesteroli, anywe kila siku bila kuruka. Mume wangu akaamua kuviweka kazini, eti nyumbani anapitiwa na usingizi. Jioni nikimuuliza kama amekunywa, ananijibu, "Dawa inanyweka, mke wangu, usijali."

Lakini nilikuwa najali. Akipanda ngazi za kwetu alisimama katikati akijidai anafunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba.

Alipopimwa tena, mafuta hayakuwa yameshuka. Daktari akanitazama kana kwamba mimi ndiye ninayempikia sumu. Kesho yake niliacha cherehani na nguo ya mteja juu yake, nikaenda gerejini bila kuaga mtu.

Nilimkuta na wenzake wawili wameketi juu ya matairi, lori likinguruma nyuma yao. Mpiga rangi alikuwa na kidonge mkononi na chupa ya maji.

"Hicho ni cha nani?" nikauliza.

"Leo zamu yangu, shemeji," akasema kwa furaha. "Kesho mchomeleaji, keshokutwa mumeo."

Gerejini kwao kila kitu ni zamu: kulala chini ya lori, kuvaa barakoa moja nzuri waliyo nayo. Kumbe na dawa ya mume wangu!

"Moshi tunavuta wote," mume wangu akasema taratibu. "Ninywe peke yangu, wenzangu wananitazama tu?"

"Wenzako wamepimwa na nani?" Damu ilinichemka. "Unataka nikuzike kwa sababu ya ukarimu?" Sauti ikanikatika, nikalia mbele yao bila aibu.

"Shemeji, tulidhani inasafisha kifua," mpiga rangi akasema, akakirudisha kidonge kwenye pakiti.

Sikuwaacha. Niliwaswaga hadi zahanati na ovaroli zao zenye grisi, tukangoja majibu. Mchomeleaji alikuwa salama. Mpiga rangi, mdogo kuliko wote na mcheshi kuliko wote, alikuwa na mafuta mengi kuliko mume wangu. Akaandikiwa dawa yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitania. Mume wangu alimtazama, kisha akameza kidonge chake palepale bila kuambiwa.

"Na moshi, daktari?" nikauliza.

"Dawa inapunguza mafuta, mama. Moshi haiwezi kuuzuia. Watoke pale."

"Twende wapi?" mume wangu akauliza. Hakuwa anabisha, alitaka kujua kweli.

Daktari alisema hata yeye hajui.

Wakarudi kazini, maana ndiyo kazi waliyo nayo. Siku hizi mume wangu anameza dawa nyumbani, nami namtazama mpaka kidonge kishuke kooni. Kisha anatoka, nami nakaa kwenye cherehani. Simu ikiita mchana, nasimama kwanza, nashika meza, ndipo napokea.