Magunia Yaliyogeuzwa

Maji ya pipa la kwanza yalikuwa mekundu kama mchuzi wa nyanya. Ya pipa la pili yalikuwa yamefifia kidogo. Naliaka alikuwa ameinama juu ya pipa la tatu, mikono imezama hadi viwikoni, akisugua mahindi kati ya viganja. Ilikuwa Julai, na baridi iliyoshuka kutoka Menengai ilikuwa imemkaza vidole. Punje iliyobaki na wekundu kwenye kitako chake aliirudisha majini.

"Safisheni vizuri," alisema Kipketer, dereva wa lori, akipita na gunia begani. "Kuku wa mheshimiwa hawapendi rangi."

"Kuku gani hao wa kuoshewa chakula?" aliuliza Rahab kutoka pipa la pili. "Mimi hata watoto wangu siwaoshei hivi."

"Kuku wa mtu mkubwa, mama. Wanalala kwa kitanda."

Wanawake wakacheka. Kipketer akalitua gunia. Magunia yote aliyoleta yalikuwa yamegeuzwa, upande wa ndani ukawa nje, kisha yakashonwa upya kwa kamba ya mkonge. Hakuna aliyeuliza sababu. Mwenye kazi hakupenda maswali.

Ua huo ulikuwa nyuma ya jengo kubwa kuliko maduka yote ya mtaa ule wa Nakuru. Zamani Wazungu walinunua humo majembe ya trekta, matandiko ya farasi na nyama ya mikebe. Walipouza mashamba na kuondoka, jengo likanunuliwa na Ishwarlal, akauza vitambaa na sufuria, mpaka mwaka aliponyimwa leseni naye akaondoka na masanduku yake na mke wake aliyekuwa akilia. Milango ikapigwa makomeo. Njiwa wakaingia kupitia vioo vilivyovunjika, na veranda ndefu ya mbele ikawa ya wanawake wa maharagwe na vitunguu. Naliaka aliuza pale mvua na jua. Kila asubuhi aliifagia sehemu yake kama mtu anayefagia sebule.

Ndipo akaja Diwani Peterson Ngigi na ufunguo.

Alikuwa amekwisha kufanya hivyo Gilgil, katika ghala tupu la pareto, na Molo, katika duka la Mzungu wa matrekta. Palipokufa duka kubwa, Ngigi aliingia kabla buibui hawajamaliza kutanda. Akapaka kuta rangi ya njano. Juu ya mlango akaandika RAHISI STORES, MWANANCHI NUNUA KWA BEI YA CHINI. Askari wa manispaa waliondoa wanawake verandani kwa virungu, na maharagwe ya Naliaka yakakanyagwa mpaka yakashikamana na viatu vyao. Siku ya ufunguzi watu walipanga foleni hadi barabara ya stesheni, kwa sababu hakuna duka mjini lililoweza kuuza unga kwa bei hiyo. Wenye vioski vya mtaa wa Bondeni walijaribu kushindana. Mmoja baada ya mwingine walifunga.

Ngigi aliwaita wanawake wa veranda nyuma ya jengo, akawapa kazi ya kuosha mahindi.

"Mnasema nimewatupa," aliwaambia. "Nimewatupa wapi? Nimewatoa juani, nikawaweka kivulini. Mnanuna nini?"

Rahab alisema asante. Wote wakasema asante.

Kila Jumamosi, juu ya mshahara, Kipketer aliwagawia pakiti za unga zilizopasuka. Yeye mwenyewe alijichukulia zake, akazifunga katika koti. "Siku hizi mnyonge hali chuya," alitania. "Anakula pakiti iliyopasuka." Naliaka alibeba zake hadi chumba chake Bondeni, akampikia Nanyama, binti yake wa pekee, aliyekuwa darasa la tatu. Mtoto alikula vizuri. Mama alifurahi kumwona mtu akila na kubakiza. Siku nyingi yeye mwenyewe alishindia chai.

Jioni moja aliepua chai jikoni, ikiwa bado inachemka, akaimimina katika kikombe cha bati. Kabla hajakishika kwa kitambaa, Nanyama alikichukua kwa mikono miwili.

"Wee! Utaungua!"

"Haina moto, mama."

Naliaka alimnyang'anya. Viganja vya mtoto vilikuwa vimeiva, na mtoto alivitazama kama vitu vya mtu mwingine.

Baada ya hapo mtoto alianza kugonga fremu ya mlango kwa bega. Ulimi ukawa mzito. Mwalimu alimrudisha nyumbani akasema mtoto amelewa, mama aache kupika chang'aa ndani ya nyumba. Naliaka hakuwahi kupika chang'aa. Alimbeba mgongoni hadi hospitali, akaketi kwenye benchi tangu asubuhi mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia. Mganga aliyevaa koti jeupe akainua kope za mtoto, akasema malaria imepanda kichwani, akaandika kwinini. Waliporudi, Nanyama aliuliza kwa nini taa haijawashwa. Ilikuwa mchana.

Mtoto alilala juu ya gunia tupu ambalo Naliaka aliruhusiwa kuchukua kazini. Alikuwa hawezi tena kujizuia, na gunia lilipolowa Naliaka alilipeleka kwenye bomba la wapangaji pale plotini kulifua. Alitaka kulifua pande zote. Akalipindua.

Upande wa ndani ulikuwa na fuvu la mtu na mifupa miwili iliyokingamana. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza. Naliaka hakuyajua maneno, lakini fuvu halihitaji shule.

Alisimama na bomba likitiririka. Akatazama kucha zake na wekundu uliokuwa umeingia chini yake, ambao sabuni haikuuweza. Mahindi ya mbegu ndiyo hupakwa dawa nyekundu, yapandwe, yasiliwe. Mle ndani ya jengo, mahali Wazungu walipokuwa wakinunua matandiko, kinu cha posho kilinguruma siku nzima. Alikuwa ameusikia mngurumo huo kila siku bila kuusikiliza. Akarudi chumbani, akamwaga unga juu ya ungo, akaupekua kwa kidole mpaka akaona ganda dogo, jembamba kama ukucha wa mtoto mchanga. Lilikuwa jekundu.

Mheshimiwa Ngigi hakuwa na kuku hata mmoja.

Akalipeleka gunia na unga kwa bwana afya wa manispaa. Bwana afya alifunga mlango kwanza, kisha akasikiliza. Mezani kwake kulikuwa na chai na sahani ya biskuti, na pakiti ya biskuti ilikuwa na karatasi ya njano ya Rahisi Stores.

"Umemwonyesha nani mwingine?"

"Wewe tu, mzee."

"Vizuri." Akauvuta unga upande wake. "Unajua, mama, lile duka limeshusha bei ya unga mji mzima. Unataka watu walale njaa?"

"Nataka mtoto wangu aone."

"Malaria hiyo. Niachie hili gunia nilipime."

Unga ulikuwa umekwisha kutoweka ndani ya droo. Gunia Naliaka alilikumbatia kifuani, akatoka nalo. Kesho yake mlinzi wa geti la ua alimwambia jina lake halipo tena. Rahab alikuwa ndani, ameinama juu ya pipa. Hakuinua kichwa.

"Rahab! Haya mahindi ni sumu! Toa mikono!"

"Mama Nanyama," Rahab alisema polepole, macho majini, "nikiitoa niiweke wapi?"

Nanyama alikufa kabla mvua hazijaisha. Alizikwa makaburi ya mji kwa sababu nauli ya maiti hadi Bungoma haikupatikana. Naliaka hakulia mbele ya watu. Wanawake wa Bondeni walinong'ona kwamba amekauka. Hawakujua kwamba alikuwa akimngoja mtu. Uchaguzi wa madiwani ulikuwa karibu, na Ngigi hakuwa mtu wa kupitwa na matanga.

Alikuja alasiri katika Peugeot nyeupe, Kipketer nyuma yake na lori lenye makatoni ya unga. Watu walimpisha. Akasimama katikati ya uwanja wa ploti, kofia mkononi.

"Msiba wa mfanyakazi wangu ni msiba wangu," alisema. "Sikuja mikono mitupu. Kila aliyelia hapa ataondoka na pakiti."

Wakapiga makofi, ingawa yalikuwa matanga.

Mzee wa ukoo wa Naliaka, aliyetoka Kitale na fimbo yake, alimshukuru. "Ila kwetu, mheshimiwa, aliyekuja matangani haondoki bila kuonja. Anayekataa chakula cha marehemu tunamuuliza alimfanya nini."

Ngigi akacheka. "Mimi? Mimi siwezi kukataa chakula cha maskini, mzee. Nilikulia hichohicho."

Kila mtu alisikia. Naliaka alisikia pia. Akaenda kwenye katoni, mbele ya macho yao, akachukua pakiti ya njano, akaipasua. Maji yalikuwa yamechemka tayari. Alisonga ugali huo akiwa amepiga goti, polepole, akikanda mpaka ukaacha sufuria. Alijua sahani moja haitamuua mtu. Alitaka tu waone koo la Ngigi likikataa.

Akammiminia maji ya kunawa. Ngigi akanawa, akatikisa vidole. Kisha Naliaka akatandika gunia mbele ya kiti chake, fuvu juu, na katikati ya fuvu akaweka sahani. Ukingo wa sahani uliacha macho mawili matupu yakimtazama mgeni.

"Karibu, mheshimiwa. Ni unga wako."

Tabasamu la Ngigi lilibaki mahali pake. Macho ndiyo yaliyoondoka. Akatoa leso, akafuta vidole ambavyo vilikuwa vimekauka.

"Daktari amenikataza ugali," alisema. "Hii presha, mama."

"Tonge moja."

"Ningependa, lakini..."

"Tonge la mtoto. Kama la Nanyama."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mtoto alisahau kufunika ziwa. "Onja tu, mheshimiwa," alisema mzee wa ukoo, na safari hii Ngigi hakucheka. Jasho lilitoka juu ya mdomo wa Ngigi. Naliaka aliliona, akalitazama kama mtu mwenye kiu anavyotazama mtungi.

Ndipo Ngigi akanyoosha mguu, kwa ncha ya kiatu akakunja pembe ya gunia, ikafunika macho ya fuvu.

"Kipketer! Njoo ule. Mzee, huyu ndiye mkono wangu wa kulia. Akila yeye, nimekula mimi. Au mkono si mtu?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, kwa faraja. Mzee alikuna kidevu. Akasema kweli, mkono ni mtu. Watu wakaanza kusogea kwenye makatoni. Rahab alikuwa wa mbele, kanga ameitandaza.

Naliaka alimwona Kipketer akija. Ndiye aliyeleta magunia. Ndiye aliyemkabidhi pakiti kila Jumamosi, na utani juu yake. Ale, aliwaza. Naye ale.

Kipketer alitembea akiyumba, akajigonga kwenye kiti cha bosi wake, akaomba radhi. Alivua kofia. "Pole, mama," alisema, na ulimi wake ulikuwa mzito, kama uliotiwa pamba. Akachutama. Mkono wake uliikosa sahani, ukapapasa gunia, ukaipata. Ugali ulikuwa umetoka motoni sasa hivi, mvuke ukipanda. Akazamisha vidole vyote vitano mpaka kwenye maungio.

Naliaka alingoja aviondoe.

"Kipketer," alisema. "Utaungua."

"Haina moto, mama," alijibu Kipketer.

"Mnaona mtu wa kazi!" Ngigi alipaza sauti, akivaa kofia yake, na foleni ya unga ikacheka pamoja naye. Vidole vya Kipketer vilibaki ndani ya ugali, vikitafuta tonge.