Radi Achagua Valvu

Radi walimwita hivyo kwa sababu ya amplifaya yake, si kwa sababu ya vidole. Alipenda sauti nzito: akigusa uzi mmoja tu wa gitaa, madirisha yanaitikia. Sasa ndani ya ngurumo ile utajuaje kama mtu anapiga wimbo au anahamisha makabati? Mpiga besi peke yake ndiye aliyemtetea. Mpiga ngoma, dada mmoja asiye na simile ambaye ndiye kiongozi wa bendi, alimpasulia: "Ukija na tope hilo tena kwenye mazoezi ya Jumamosi, natafuta mpiga gitaa mwingine."

Radi alikosa usingizi. Bila bendi, yeye ni mpaka rangi wa kuta za watu, basi.

Akaenda kwa fundi. Fundi akafungua mgongo wa amplifaya, akamwonyesha valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka kama makaa na kuisukuma sauti itoke. "Hizi zako ni nene, zinajaza besi mpaka inafurika," akasema. "Chukua na hizi nyembamba. Zinakwaruza kidogo, lakini kila noti inasimama peke yake. Zijaribu zote, ila kwa sauti kubwa. Ukinong'ona nazo hutasikia tofauti."

Sauti kubwa, kirahisi tu! Kwani Radi anaishi porini? Chumba cha pili alikuwemo mama mkwe, amekuja kuuguza goti. Akapiga hodi mlangoni kwa adabu zote.

"Shikamoo mama. Naomba nipige kelele kidogo, ni mambo ya kazi."

"Marahaba. Kidogo yako naijua," mama mkwe akasema. "Piga tu, baba, ila ukimaliza uniambie."

Akaanza na zile nene. Looh, utamu ulioje! Sakafu ilitetema mpaka kwenye magoti. Akapiga wimbo mzima, pamoja na ile sehemu ya katikati inayokwenda mbio. Akazima, akasubiri zipoe, akaweka nyembamba. Sauti ikatoka kavu, ina meno. Akaurudia wimbo uleule.

"Mama, ipi nzuri?" aliuliza kupitia ukutani.

"Ya kwanza sikusikia kitu, nilikuwa nimeshikilia kitanda. Ya pili nimeisikia vizuri. Pale katikati unakosea."

Radi akausogelea ukuta. "Pale wapi, mama?"

"Panapokwenda mbio. Unaanza vyema, halafu unababaisha mpaka upate pa kutokea. Hebu piga tena."

Akapiga tena, akasikia mwenyewe. Jasho likamtoka. Kumbe siku zote hizo alikuwa anapaburuza tu, na zile nene zinamsitiri. Akarudisha nene, akazitoa, akazirudisha. Kwa nene atafukuzwa kwa tope, kwa nyembamba atafukuzwa kwa ubabaishaji. Mwishowe akaona liwalo na liwe, afadhali afukuzwe huku anasikika.

Jumamosi alikwenda na nyembamba. Wimbo ukaanza safi kabisa, na walipofika katikati Radi akababaika mchana kweupe. Mpiga ngoma akasimamisha kila kitu. Radi akavua mkanda wa gitaa, tayari kufunga virago.

"Subiri wewe," mpiga ngoma akasema. Akamgeukia mpiga besi. "Leo nimekusikia na wewe. Hebu pale katikati piga peke yako."

Mpiga besi akakohoa, akarekebisha mkanda, akajikuna shingo.

"Mimi hapo huwa namfuata Radi," akasema.

"Radi mwenyewe hapajui."

"Ndiyo nimejua leo," mpiga besi akajibu.

Mpiga ngoma aliwatazama wote wawili kwa zamu, akashusha pumzi. Kisha akaweka vijiti vyake chini, akavuta kiti akakaa katikati yao.

"Kaeni. Polepole, noti moja moja, na hakuna anayeondoka hapa mpaka paeleweke."

Radi akakaa upesi, kabla dada wa watu hajabadilisha mawazo.