Kopo la Borne 47

Hapa Bujumbura, mtu mzima akionekana siku ya Jumanne ameinama kwenye mtaro, anapapasa chini ya mawe, watu humwita polisi, na polisi huja. Nasema hivi kwa sababu nilijaribu. Lakini Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii: mji mzima umeinama, kila mtu ana jembe au fagio, magari yamesimama, na hakuna anayekuuliza unatafuta nini. Kwa hiyo sisi tunaotafuta makopo hutafuta Jumamosi tu, tena na majembe mkononi. Jembe la Annick halijawahi kugusa udongo. Bado lina karatasi ya bei.

Mchezo wenyewe unaitwa géocaching. Mtu anaficha kopo lenye daftari ndani, anaweka mtandaoni nambari za mahali pale, na wengine wanakuja na simu zao kulitafuta. Ukilipata unaandika jina lako kwenye daftari, unalirudisha ulipolikuta, unakwenda zako nyumbani. Basi. Hakuna kombe.

Mimi naitwa Gélase, mstaafu wa cadastre, ile ofisi ya kupima viwanja. Mji huu nimeupima miaka thelathini na minne, na ningeweza kusema bila majivuno kwamba sikuwahi kukosea hata mara moja. Ningeweza kusema hivyo hadi Jumamosi iliyopita.

Wenzangu ni watatu, na hakuna anayetafuta kopo kwa ajili ya kopo. Annick ni muuguzi. Atakuambia daktari alimwagiza atembee kwa sababu ya sukari, lakini ukweli ni mama mkwe wake, aliyekuja kukaa wiki mbili mwaka juzi na hajaondoka mpaka leo. Ilias anauza vipuri vya pikipiki Buyenzi, naye anatafuta kwa ajili ya idadi. Ana makopo sitini na matatu, ya Kigoma na Kigali yakiwemo, na idadi hiyo hukuambia kabla hajakusalimia.

Wa tatu ni Namegabe, Mkongomani wa Uvira. Anatengeneza simu mtaani Kinama, na Jumamosi hushuka alfajiri kabla magari hayajasimamishwa. Huyu sikumpenda. Simu yake inaimba muda wote, na akipata kopo, yeye huliita boîte, huandika majina yake yote matatu pamoja na kijiji alichozaliwa, nusu ukurasa mzima. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

“Muzee,” alisema, “kila bureau naingia hapa, nikiandika jina wananiomba karatasi. Kwa boîte naandika jina, hakuna mutu ananiuliza kitu.”

Nilimwambia kwamba nusu ukurasa unatosha watu wanne.

Mimi nilianza kwa sababu ya binti yangu Ingrid. Mama yake alifariki Ingrid akiwa na miaka kumi na mmoja, na tangu hapo nyumba yetu ya Kinanira ikawa na watu wawili wasiojua waongee nini mezani. Sisi tuliongea Kiswahili, kwa kuwa mama yake alikuwa mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, lakini kwa kiasi kile tulichoongea tungeweza kutumia lugha yoyote. Alipofika chuo kikuu akaleta mchezo huu. Tukaanza kutoka pamoja kila Jumamosi, yeye na simu, mimi na jembe, na nilikuwa na furaha. Sikumwambia. Nilidhani anaiona.

Miaka mitano iliyopita akapata nafasi ya kusoma Ubelgiji. Wiki ya kuondoka alisema tufiche kopo la kwetu wenyewe. Mahali nilichagua mimi: korongo lililo chini ya mtaa wetu, kando ya borne 47. Borne ni lile jiwe la zege linaloonyesha mpaka wa kiwanja, na hiyo ya 47 niliisimika mimi mwaka wa themanini na tisa, nikaipima kwa mikono yangu, na nambari zake nilizijua kama wengine wanavyojua siku yao ya kuzaliwa. Ingrid alitaka kupima kwa simu. Nikamwambia simu ni ya kupigia. Nikamtajia nambari kwa kichwa, akaziandika. Ndani ya kopo akaweka daftari na bahasha iliyofungwa, juu yake ameandika: Kwa wa kwanza.

“Ndani muko nini?” nilimuuliza.

“We uko mwenye kuficha, Papa. Mwenye kuficha hafungui.”

Ni kweli, sheria ndivyo inavyosema, na mimi ni mtu wa sheria. Nilidhani ni picha ya Ubelgiji au upuuzi kama huo. Akapanda ndege.

Jumapili ya kwanza alipiga simu. “Papa, boîte wameipata?”

“Bado,” nilisema. “Watu wa hapa hawajue kutafuta.”

Aliuliza tena Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Jibu langu lilikuwa lile lile, kwa sababu ukweli ulikuwa ule ule. Annick alitafuta, Ilias alitafuta, baadaye na Namegabe. Wakiniomba dokezo niliwaambia nambari zinatosha. Sikwenda nao, maana sheria haitaki mwenye kuficha awepo. Baada ya mwaka wa tatu simu za Ingrid zikawa za Krismasi na Pasaka, na la kopo hakuliuliza tena. Iliniuma. Nasema wazi: iliniuma, na nilihisi kwamba kopo lile likipatikana nitakuwa na kitu cha kumpigia, halafu mambo yatarudi yalivyokuwa. Kumpigia bila kitu cha kusema sikuweza.

Ndipo mwezi huu chef de quartier, mkuu wa mtaa wetu, akatangaza kwamba korongo letu linajengewa ukuta, kwa sababu mvua inakula mlima. Mafundi wangemwaga zege Jumamosi saa tano, baada ya kazi za jamii. Borne 47 ingefunikwa, na kopo pamoja nayo.

Nikawaandikia wenzangu kwamba ni Jumamosi hii au basi. Safari hii, sheria au si sheria, nilikwenda na mimi.

Saa tatu nilikuwa nimesimama juu ya korongo na jembe langu, peke yangu. Nikawangoja, maana kopo likiokotwa na mwenye kulificha halijapatikana. Nusu saa baadaye nikawaona kwa mbali, kule juu mtaani, wote watatu wameinama kwenye ua wa nyumba moja. Nikapanda huko na hasira zangu zote. Nilipofika, mwenye nyumba alikuwa amefungua geti. Anaitwa Mama Prudence.

“Nyinyi tena!” alikuwa akisema. “Miaka tano muko nachimba ua yangu. Kama ni dhahabu, museme tugawane.”

“Munafanya nini hapa?” niliwauliza.

“Tuko natafuta, Papa Ingrid,” akasema Annick. Huniita hivyo, kama inavyostahili.

“Nani aliwaambia hapa? Boîte iko kule chini! Miaka tano munatembea juu, munatafuta chini ya maua ya watu, halafu munasema haipatikane!”

Namegabe alinionyesha simu yake. Nambari zilikuwa zangu, hakuna hata moja iliyobadilishwa, na alama ilikuwa imesimama juu ya ua wa Mama Prudence. Ilias akanionyesha ya kwake. Ilikuwa vile vile.

“Simu zenu zimeharibika,” nilisema.

“Muzee,” akasema Namegabe polepole, “hizi nambari ulizitoa kwa simu gani?”

“Sikuzitoa kwa simu. Nilizipima mi mwenyewe, na théodolite, ile darubini ya kupimia, mwaka themanini na tisa.”

Akazima na ule muziki wake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. “Muzee, ramani ya zamani na simu, hazianzii kuhesabu pahali pamoja. Sivyo?”

Jambo hili niliwafundisha vijana wa ofisini miaka ishirini. Nilikuwa nikichora ubaoni kwa chaki: hiki ndicho kipimo cha zamani walichotuachia Wabelgiji, hiki ndicho cha satelaiti, na hapa kwetu tofauti yake ni mita mia tatu hivi. Nilikuwa nawaambia, atakayesahau hili atamjengea mtu nyumba katika kiwanja cha jirani. Niliwawekea na mtihani.

“Ni mimi,” nilisema. “Nilikosea.”

“Unasema?” akauliza Annick. Hakuwa na ubaya. Hakusikia vizuri.

“Nilikosea!”

Wote watatu wakayaangalia majembe yao. Mama Prudence akasema kwamba maua yake, basi, nitayapanda mimi.

Tulishuka. Mafundi walikuwa wameshachanganya zege na mkubwa wao hakutaka mtu ashuke korongoni. Annick akamwonyesha jembe na kumwambia tumetumwa na kazi za jamii, na kwa kuwa lilikuwa jipya kabisa, alimwamini. Ilias akaanza kuvua viatu akisema sitini na nne, sitini na nne. Alipomaliza kiatu cha kwanza, Namegabe alikuwa tayari chini, tope hadi magotini. Borne 47 ilikuwa imesimama kama nilivyoiacha. Akainua jiwe bapa lililo kando yake, akanyoosha mkono juu. Alikuwa ameshika kopo.

Alipanda, akakaa juu ya mfuko wa saruji, akafungua daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mweupe kabisa. Akaandika jina moja, akaniangalia.

“Andika yote,” nilimwambia. “Na kijiji.”

Aliandika yote. Mafundi walingoja. Kisha akafungua bahasha, na ndani yake kulikuwa na bahasha nyingine na kikaratasi. Akakisoma.

“Wanasema: wewe uliyeipata, tafadhali mupelekee papa yangu.” Akanipa.

Niliifungua. Miwani yangu ilikuwa nyumbani, kwa sababu hainiingii akilini mtu kuvaa miwani ya kusomea akiwa na jembe. Niliona mistari tu. Ilias alikuwa anatafuta kiatu chake, Annick alikuwa anaongea na mafundi. Nikamrudishia Namegabe.

“Nisomee.”

Akasoma. “Papa, pardon kwa kukuandikia. Kukuambia kwa macho nimeshindwa. Kuna mutu, anaitwa Prodige, tulijuana kwa université hapa Buja. Sasa yuko Ubelgiji, ananingojea. Ni Mukongomani wa Uvira.”

Akanitupia jicho, akaendelea. “Najua we haupendi Wakongomani. Unasema ni watu wa kelele, na kwamba hakuna hata mumoja anajua kupima kitu.”

Hapo akaishusha barua.

“Endelea,” nilisema.

“Wajomba zake wanataka kuja kwako kutoa mahari. Kukuuliza kwa simu siwezi, nitalia. Najua marafiki wako wataipata hii boîte mbele ya Jumapili, sababu we nambari zako hazikosee. Kila Jumapili nitakuuliza kama boîte imepatikana. Ukikubali, niambie tu imepatikana. Ukikataa, niambie bado. Nitaelewa, Papa, na sitakuuliza sababu.”

Namegabe akaikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani, akaniwekea mkononi.

Nikahesabu, kwa kuwa kuhesabu ndiyo kazi niijuayo. Miaka mitatu ya Jumapili ni kama mia moja na hamsini. Mara mia moja na hamsini mtoto wangu alinibembeleza, na mara mia moja na hamsini nikamwambia bado. Na kila mara niliongeza kwamba watu wa hapa hawajui kutafuta. Nilikaa kwenye mfuko wa saruji, nikalia mbele ya mafundi. Mkubwa wao akawaambia wapumzike dakika kumi.

Simu nilimpigia palepale. Nambari yake alinitafutia Namegabe, kwa kuwa sikuwa na miwani.

“Papa?” Ingrid alikuwa na hofu. “Kuna mutu amekufa?”

“Apana. Boîte imepatikana.”

Nilisikia anavuta pumzi, nikasikia mlango unafungwa.

“Nani ameipata?” aliuliza.

“Mukongomani,” nilisema. “Mukongomani muzuri sana.”

Namegabe aliangalia zege.

“Papa, imepita miaka tano.”

“Nilikosea, Ingrid. Nambari nilikosea. Mita mia tatu.” Mara ya pili lilikuwa rahisi kidogo kulitamka. “Walikuwa wanaitafuta kwa Mama Prudence. Barua yako nimeisomewa leo, saa hii, niko na tope. Siku zote nikisema bado, ilikuwa bado ya kweli.”

Alilia muda mrefu, na sikumkatiza, ingawa mafundi walikuwa wameanza kusimama. Mwishowe akaniambia kwamba waliandikishana kwa commune tu, ile ofisi ya manispaa, bila sherehe, mwaka juzi. Bila mimi Prodige alikataa kusema wameoana. Anasema ana deni la heshima kwangu, na wajomba zake wangali Uvira, wanangoja waitwe.

“Basi waje,” nilisema. “Waje Jumamosi yoyote, baada ya saa tano, magari yakianza kutembea. Niko nyumbani.”

“Hawaijue nyumba, Papa. Nitawapa nambari gani?”

Nilimwangalia Namegabe. Alikuwa ananawa miguu kwa maji ya mafundi.

“We usijali,” nilisema. “Namegabe atawatumia position kwa simu.”