Mteremko Aliouona Shangazi

Shangazi yangu, fundi cherehani, aliacha kusikia akiwa na miaka arobaini, baada ya homa iliyomlaza wiki sita. Tangu hapo, televisheni ikiwashwa tu, alibeba kazi yake akaenda zake jikoni. Alisema kukaa mbele ya watu wanaopiga domo usisikie neno ni sawa na kutazama wenzako wanakula.

Jumapili moja alasiri baba alituwekea filamu ya gofu. Alikuwa amebeba mikoba ya wachezaji wa gofu miaka ishirini na sita, mpaka magoti yakagoma, na mchezo huo anaupenda kama roho yake. Mama na mimi hatukujua kichwa wala mkia. Tulikaa kwa kumridhisha tu.

"Nusu saa," mama alininong'oneza, "kisha tumwachie nyasi zake."

Nusu saa ikapita, hakuna aliyenyanyuka. Shangazi naye alikuwa kasimama mlangoni, suruali ya mteja mkononi, sindano haijui iende wapi. Nikamsogezea kiti. Hapo ndipo nikang'amua: katika filamu ile, jambo likiwa zito watu walinyamaza. Mchezaji alichuchumaa, akatazama, akavuta pumzi. Hapakuwa na neno la kumpita shangazi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa tulikuwa tunaangalia kitu kimoja, sote sawa.

Ukafika mpira wa mwisho, hatua ishirini kutoka shimoni. Baba akasimamisha picha, akamgeukia shangazi ili amsome midomo.

"Dada, mpira utapita wapi?"

Nilidhani anamtania. Shangazi akaweka suruali chini, akasogea mpaka kwenye kioo, akainamisha kichwa kama anavyofanya akitafuta mshono uliokwenda upogo. Kidole chake kikachora njia: kulia kabisa, mbali na shimo, kisha kikarudi polepole.

"Wifi yangu leo kapotea," mama akasema.

Baba akabonyeza kitufe. Mpira ukaenda kulia, mbali, tukadhani ndio umekwisha. Ukapinda palepale kidole kilipopinda, ukateremka bila haraka, ukatumbukia.

Baba alimtazama dada yake kana kwamba ndio kwanza anamwona.

"Miaka yote ile nimewasomea wachezaji nyasi, zinateremkia wapi," akasema taratibu, "na mimi ningeutuma kushoto."

Shangazi akatabasamu. "Kitambaa kikilala upande, unakiona tu."

Jumamosi iliyofuata baba alimpeleka uwanjani. Mama alivaa viatu kabla hajaombwa. Tulipofika, shangazi alisimama ukingoni mwa zile nyasi fupi, kiganja kifuani, macho yakifuata miteremko mmoja baada ya mwingine mpaka kwenye miti ya mbali.

"Mbona ni pakubwa hivi?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

Baba, ambaye siku zote ana maelezo, akamwelekezea kidole shangazi tu.