Chupa ya Wodi ya Njiti

Kila asubuhi saa moja niliwapaka mafuta watoto njiti sita, nikianzia kitanda cha dirishani. Yalikuwa mafuta ya nazi yenye harufu ya maua ya langilangi. Aliyaleta bibi mmoja kutoka kisiwa cha Gau, ambaye mjukuu wake alipata nguvu akaenda nyumbani. Bibi aliiacha chupa mezani, akasema iwe ya wote. Hapa Fiji ni aibu kitu kizuri kumfikia mtoto mmoja na wa kitanda cha pili akose. Kila nilipomaliza mtoto nilinawa mikono. Chupa ilikuwa ile ile.

Jumanne hiyo nilikuwa kitanda cha tatu, kwa mtoto wa Losena, pale Sista Akanisi, mkuu wa wodi, aliponishika mkono.

"Weka chini hiyo chupa, Unaisi."

"Wamebaki watatu, Sista."

"Weka chini. Maabara wamepiga simu."

Mtoto wa Losena alikuwa na homa ya siku tano. Maabara walikuwa wamevijaribu vijidudu vya damu yake kwa kila dawa tuliyo nayo, hata ile ya mwisho inayofungiwa kabatini na kutolewa kwa saini ya daktari. Hakuna iliyoviua. Vijidudu vile vile walivikuta kwenye mdomo wa chupa.

"Sasa tunampa nini?" niliuliza.

"Oksijeni. Na mama yake."

Losena alikuja kila baada ya saa tatu na maziwa aliyokamua kikombeni. Mama mkwe wake alitandika mkeka nje ya mlango wa wodi, na maneno yake tuliyasikia mpaka ndani.

"Ulificha mimba, ukaingia baharini na wenzako kuvua. Siku ile nyavu zilirudi tupu, tukashangaa. Mimba ikifichwa, bahari hukasirika na mtoto ndiye hulipa. Leo tumejua."

"Ilikuwa ya miezi miwili, mama. Niliona haya kusema."

"Bahari haina haya."

Nilimwangalia Sista. Alikuwa akisugua sinki, na aliendelea kulisugua.

"Akifa, daktari ataandika chanzo ni kuzaliwa kabla ya siku zake," alisema taratibu. "Si uongo."

"Na huyu mama anayelaumiwa hapo nje?"

"Hayo ya ukoo wao. Wewe una miezi minne kazini, mwanangu. Unataka urudi kwenu ukakune nazi?"

Tulitupa chupa, tukaosha vitanda na kuta kwa dawa, tukawapima wale watoto wengine watano. Alhamisi kabla ya chakula cha mchana mtoto wa Losena alifia kifuani kwa mama yake. Losena alimfunika uso kwa kitambaa, akatuambia asante, mmoja mmoja.

Kesho yake alirudi kuchukua nguo za mtoto. Alikuja na sufuria ya mihogo ya kuchemsha na samaki wa tui.

"Ni chakula chenu," alisema. "Mmehangaika sana naye."

Sista Akanisi alifunua, akanusa, akaonja kipande. "Una mkono mzuri wa kupika, binti yangu."

Mimi sikuweza kula. Losena aliketi karibu nami, akaanza kukunja vile viguo, akivinyoosha kwa kiganja.

"Kesho baba yangu anakuja na jino la nyangumi," alisema, "kuniombea msamaha kwa wakwe. Wakilikataa, narudi kwetu." Akacheka kidogo. "Dada, ukishika mimba usiifiche. Mimi nimeua mtoto kwa kuona haya."

Sista alinitazama juu ya sufuria, akatikisa kichwa mara moja kunikataza.

Sauti yangu ni ndogo tangu utoto. Chuoni waliniketisha mstari wa mbele ili mwalimu anisikie. Nilisimama. Mlango ulikuwa wazi, na mama mkwe, aliyekuja naye, alikuwa ameketi pale pale mkekani.

"Losena, baba yako asije kuomba msamaha," nilisema. "Hukumuua wewe. Ugonjwa aliupatia humu wodini, kwenye mafuta niliyompaka mimi, na dawa ya kuuponya hatukuwa nayo. Tumejua tangu Jumanne, tukakuacha ulaumiwe."